Mtungi wa Mgeni

Jumamosi iliyopita alikuja kunisalimia Devota, mjukuu wa dada yangu. Kwa asiyemjua, ni binti mdogo wa umbo. Ukimwona kwa mgongo utadhani mwanafunzi wa darasa la sita, kumbe ana miaka ishirini na mbili. Yeye na ninyi wenzake watatu wa hapa Ifakara mmepata nafasi ya kwenda pwani kusomea kazi niliyoifanya mimi mpaka nikastaafu, yaani kuongoza wageni wanaopiga mbizi kwa starehe na mitungi ya hewa mgongoni. Ninyi watatu hamkuja kuaga. Sijakasirika, maana salamu zenu siku hizi zinapita kwenye simu, na simu yangu mimi ni ya tochi. Lakini haya ni yenu pia, na ni ya yeyote wa bonde hili atakayewafuata.

Devota alikuja na swali moja. Alitaka kujua mtu anachaguaje mtungi, kwa sababu amesikia iko ya saizi nyingi. Nikacheka. Hilo ni swali la dakika tano, nikasema, ngoja kwanza unywe chai.

Nikamimina chai mwenyewe, sukari vijiko vitatu kama ninavyoipenda. Akainywa yote. Nikamwongezea. Akainywa nayo, huku akinishukuru. Alipotoka nje kupokea simu, mke wangu ndiye aliyeninong'oneza kwamba mtoto huyu chai ya sukari humtia kichefuchefu tangu yuko mdogo, ukoo mzima unajua isipokuwa mimi. Sasa mbona hakusema? Atasemaje, na babu ndiye aliyemimina!

Hapo kicheko kikaniisha. Mtoto huyu alikuwa anaondoka Jumatatu, anakwenda kwenye kazi ambayo siku moja mtu mkubwa, kwa nia njema kabisa, atamwekea mgongoni kitu kisichomfaa. Naye atasema asante. Chai ya sukari haijaua mtu. Mtungi unaua, na mimi najua kwa sababu ulitaka kuniua. Basi aliporudi kuketi nikamwambia swali lake si la dakika tano tena, avue viatu akae vizuri.

Tuondoe kwanza uongo mmoja. Jirani yangu hapa Kibaoni, fundi baiskeli, huwaambia wateja wake kwamba mimi nilikuwa navuta oksijeni ya hospitali huko baharini, ndiyo maana sizeeki. Nimemkatalia mpaka nimechoka. Mle ndani mna hewa tu, hewa hii hii anayojazia tairi. Imechujwa, imekaushwa, ikabanwa kwa kompresa mpaka ikaingia nyingi kwenye chombo kidogo. Oksijeni tupu ukishuka nayo zaidi ya mita chache inakuwa sumu. Mkifika kule msije mkasema "mtungi wa oksijeni" mbele ya walimu wenu, watawacheka siku nzima na watauliza mmetoka wapi.

Mimi mwenyewe nilichekwa. Nilifika pwani na lori la mchele, kuli wa kupakia na kupakua, na kutoka hapo nikavukia kisiwani kwa sababu binamu yangu alisema kuna hoteli inatafuta watu wenye mgongo wa kubeba. Huku nyumbani ikasemekana nimezamia, yaani nimejificha kwenye meli nimekwenda Ulaya. Mama alikuwa akiulizwa kanisani nimefika nchi gani. Kumbe nilikuwa nabeba mitungi, arobaini kwa siku, kutoka chumba cha kompresa mpaka kwenye boti na kuirudisha.

Aliyenifundisha kazi aliitwa fundi Makame, mwenyeji wa kisiwani, mtu mfupi, mkavu, asiyerudia neno. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza mitungi kumi na miwili asubuhi bila kuangalia upepo, na moshi wa jenereta ukawa unaingia kwenye bomba linalovuta hewa ya kompresa. Makame akaja, akafungua koki ya mtungi mmoja kidogo, akanusa. Akaniita. "Vuta," akasema. Nikavuta. Moshi. Hakunitukana. Alikaa kwenye kigoda akanitazama nikiimwaga yote kumi na miwili na kuijaza upya mmoja mmoja, mpaka saa nane, na wageni wakiulizia boti. Siku hizi kuna vichujio vizuri na vipimo, lakini ninyi fungueni koki mnuse. Pua haihitaji betri.

Sasa saizi. Mkisikia mtungi wa lita kumi, kumi na mbili au kumi na tano, maana yake ni maji ambayo yangeingia mle ndani kama ungekuwa ndoo. Hewa inabanwa, kwa hiyo inaingia nyingi zaidi. Mtungi wa kumi na mbili, geji ya kupimia mgandamizo ikisoma bar mia mbili, una hewa ya lita elfu mbili na mia nne. Mtu aliyetulia, akiwa juu, anavuta kama lita kumi na tano mpaka ishirini kwa dakika. Ukipiga hesabu hapo unaona ni zaidi ya saa moja na nusu, unafurahi. Ngoja. Ukishuka mita kumi, kila pumzi inakula mara mbili. Mita ishirini, mara tatu. Makame alinifundisha kwa vidole vyangu mwenyewe, akinishika mkono na kunikunjia kimoja kimoja, kwa sababu shule yangu ilikuwa ndogo na alijua.

Na hapo hujasema anayepumua ni nani. Nimemshusha mwanamume mmoja, mrefu, mwenye kifua cha kubeba gunia mbili za mpunga, akamaliza mtungi wa kumi na tano kabla samaki hawajamzoea. Wiki hiyo hiyo nikamshusha bibi mmoja mstaafu, mwalimu, akatoka na nusu ya mtungi mdogo, ametulia utafikiri yuko sebuleni kwake. Mwoga anakula hewa. Mwenye baridi anakula hewa. Anayepiga miguu hovyo anakula hewa kuliko wote. Kwa hiyo msimpime mtu kwa macho, na msimpime kwa cheo chake wala kwa hoteli aliyofikia.

Kuna na uzito. Mitungi mingi ya kule ni ya alumini, ambayo ikikaribia kuisha hewa inakuwa myepesi, inataka kuelea, ndiyo maana mtu anafungwa mkanda wenye vipande vya madini ya risasi kiunoni. Lakini ile ya chuma inabaki mizito mpaka mwisho. Ukimbadilishia mtu kutoka alumini kwenda chuma, lazima umpunguzie risasi. Sentensi hiyo Makame aliisema mara moja tu, na mimi niliisikia, nikaitikia, nikaenda nikafanya kinyume. Sababu yenyewe ndiyo ninayotaka kuwaambia, maana mtu wa mahali pengine asingefanya kosa lile.

Kwetu huku mgeni akija tunampa kikubwa. Hamfundishwi, mnakunywa na maziwa ya mama. Sahani ya mgeni inajazwa wali mpaka unamwagika, paja la kuku ni lake, kiti kizima ni chake, na mwenye nyumba anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akila shingo ya kuku na kusema ameshiba tangu asubuhi. Na mgeni naye hakatai, kwani kukataa ni kumwambia mwenzako chakula chako kibaya. Atakula mpaka tumbo limuume na atasema asante. Sioni ubaya wowote hapo. Nimelelewa hivyo na nitakufa hivyo, mezani.

Basi mimi nilipopandishwa kuwa kiongozi wa wageni nikaihamishia meza hiyo kwenye boti. Mgeni niliyempenda nilimpa mtungi mkubwa. Mimi nilichukua uliobaki. Na kwa kuwa baba yangu alikuwa mvuvi wa Mto Kilombero, na utotoni nilikuwa nazama bila hewa yoyote kuzinasua nyavu zilizoshikwa na visiki, nikaamini pumzi yangu si ya kawaida. Wenzangu walinitania kwamba natumia hewa kama mgonjwa anayetumia uji. Kichwa kikavimba.

Ndipo alipokuja Editha.

Alikuwa muuguzi. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamechanga wakampa likizo ya kisiwani kwa miaka yake mingi ya zamu. Alikuwa mwembamba, kilo arobaini na kitu, nywele fupi, kucheka kwake kwa haraka. Makame alimfundisha kozi ya wanaoanza, kwenye maji mafupi, siku nne. Siku ya nne jioni nilimsikia akizungumza na mpishi, nikasimama pale pale. Mtu hawezi kuficha alikotoka akianza kuzungumzia mchele. Nikamuuliza, dada, wewe si wa Ifakara? Akasema kazi yake iko Ifakara, ila kwao ni upande wa Mahenge. Jamani! Miaka kadhaa sijamwona mtu wa nyumbani. Nilimtania kwamba Wapogoro wa milimani maji wanayajua ya kwenye sufuria tu, naye akanijibu kwamba Wandamba tunajua maji lakini sabuni ndiyo inatushinda. Tulicheka mpaka machozi. Nikamwambia kesho unashuka na mimi, nitakuonyesha bahari vizuri.

Asubuhi ile Makame aliondoka na boti nyingine. Chumba cha mitungi kilikuwa changu. Editha alikuwa amezoea wa kumi na mbili wa alumini na kilo tano za risasi. Mimi nikapita kwenye ile yote nikamchagulia wa lita kumi na tano, wa chuma, mpya, uliojaa kabisa. Mtu wa nyumbani, nitampaje ule ambao kila mtalii anapewa? Risasi zake nikamwachia zile zile tano. Mimi nikachukua wa kumi uliokuwa pembeni, ambao tuliwawekea vijana wadogo. Geji ilisoma mia na sabini. Nikasema unanitosha.

Alijaribu kuuinua ule wa chuma kwa mikono miwili. Akautazama, akanitazama mimi, akatabasamu, akasema, "Asante, kaka." Ule mtazamo niliuona, vijana. Niliuona vizuri na nikaufasiri kuwa ni furaha.

Tulipanga kukaa juu ya miamba, mita kumi na mbili, ambapo kuna ukingo kama wa meza na baada yake chini kunateremka. Tulipoachia kamba ya boti, Editha alishuka miguu mbele, haraka kuliko mimi. Akagusa ukingo, ule mtungi ukamvuta nyuma, akapinduka chali kama kobe. Akapiga miguu kujigeuza. Kadiri alivyopiga ndivyo alivyosogea kule kwenye mteremko, halafu akaenda. Nikamwona anatelemka akiwa amelala kwa mgongo, mikono imenyooka kwangu, na mapovu yake yanakuja usoni kwangu mengi mno.

Nilimfuata kwa nguvu zangu zote. Nilimshika mita ishirini na sita. Nikamkamata mkanda wa koti, lile linaloshika mtungi na kujazwa hewa ili mtu aelee, nikamgeuza, nikaanza kulijaza koti lake hewa kidogo kidogo ili lisimrushe juu, huku napiga miguu kwa ajili yetu wawili. Sijui ilichukua dakika ngapi. Alitulia. Alinionyesha kidole na kidole gumba vimeshikana, yaani yuko salama, na macho yake yalikuwa makubwa lakini yanaona. Nikapumua kwa raha. Pumzi ikaja nzito.

Mtakaopiga mbizi mtaijua hiyo pumzi. Hewa inakuja, ila ni lazima uivute kama unayenyonya kwenye mrija alioukanyaga mtu. Nikatazama geji yangu. Sindano ilikuwa chini ya ishirini, na juu yetu kulikuwa na maji ya kimo cha nyumba za ghorofa. Hewa ya kututoa wawili nilitakiwa kuwa nayo mimi. Niliyokuwa nayo ni ya pumzi chache. Yeye, kwenye ule mtungi wake wa heshima, alikuwa na zaidi ya nusu.

Sasa nawaambia kitu ambacho sikumwambia hata mke wangu kwa muda mrefu. Nilingoja. Nilivuta pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sikuinua mkono. Nilikuwa naona aibu. Mimi ndiye mwenyeji, mimi ndiye mtoto wa mto, nimwombe mgeni hewa? Nilikuwa tayari kufa kwa sababu ya adabu, na ningemwacha yule dada chini kule peke yake, hajui hata boti iko upande gani. Pumzi ya nne haikuja yote.

Nikapitisha kiganja shingoni, ishara ya kuishiwa. Editha hakusita hata kidogo. Alichomoa kipumulio chake cha akiba akanipa mkononi, akanishika mkanda wa koti kwa mkono wa kushoto, akaniangalia machoni na kutikisa kichwa taratibu: vuta, toa, vuta, toa. Ndivyo alivyokuwa akiwafanyia wagonjwa wake, nilijua baadaye. Tulipanda polepole. Mita tano kutoka juu tulisimama dakika tatu kama inavyotakiwa, uso kwa uso, mimi nikila chakula cha mgeni wangu.

Tulipanda kwenye boti. Nahodha aliuliza kama tumeona kasa.

Makame alikuwa na tabia ya kusoma geji ya kila mtungi ukirudi, bila kujali umetoka mikononi mwa nani. Aliporudi akakuta wa kumi sifuri. Akaupima wa kumi na tano. Akatoka nje tulikokuwa tumekaa, bado tumejifunga mataulo, akauliza swali moja.

"Nani ametoka kwa hewa ya nani?"

Editha aliwahi. Alisema yalikuwa mazoezi, eti yeye ndiye aliyeniomba turudie zoezi la kugawana hewa. Alisema vizuri sana, bila kupepesa. Alikuwa ananisitiri, mtu wa nyumbani. Na mimi nilijua kwamba nikinyamaza kazi yangu itabaki, na kesho yake nitampa mwingine mtungi mkubwa. Adabu ile ile iliyotupeleka mita ishirini na sita ndiyo ilikuwa inaniokoa.

"Si mazoezi," nikasema. "Mimi niliishiwa."

Akauliza nani alimchagulia dada huyu mtungi wa chuma. Nikasema mimi. Kwa nini? Nikasema ni mgeni wa nyumbani. Makame alitikisa kichwa muda mrefu. Akasema sisi wote tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hajapata kusikia mwenyeji anayepona kwa kunyonya hewa ya mgeni. Nahodha alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Ndipo Editha akasema, na hakunitazama mimi, alikuwa anatazama mikono yake.

"Kazini kwetu dozi tunapima kwa uzito wa mgonjwa. Hatumzidishii kwa sababu ni ndugu. Niliuona mzito, fundi. Nilitaka kusema. Nikasema nitaanzaje, kaka wa watu kanichagulia mwenyewe."

Sijawahi kusikia maneno yaliyoniuma vile. Nilikuwa nimepanga kujilaumu kwa ajili ya risasi na kwa ajili ya geji ya mia na sabini, makosa ya kazi, yana dawa. Kumbe yule dada alijua tangu chumbani. Alijua na akashuka hivyo hivyo, kwa sababu mimi nilimpa kwa mikono miwili.

Makame alinitoa kwenye boti miezi sita. Nilirudi kwenye kompresa, kujaza na kubeba, na wenzangu walionitania zamani sasa walinihurumia, jambo baya zaidi. Siku ya kwanza nililia mle ndani kati ya mitungi. Sioni sababu ya kuwaficha, machozi nayo ni maji. Editha alirudi Ifakara akaendelea na zamu zake, na kila nilipokuja likizo nilikwenda kumsalimia. Hakuwahi kumsimulia mtu. Amefariki miaka michache iliyopita, Mungu ampumzishe, ndiyo maana leo nasimulia mimi.

Miezi sita ile ndiyo iliyonifundisha kuchagua mtungi. Nilipewa kazi ya kuwapangia wageni wote, na nikagundua kwamba kumuuliza mtu "unataka mtungi gani" ni kupoteza muda. Wazungu watakwambia ule mkubwa, wanadhani ni bei moja kwa nini wapunjwe. Watu wetu watakwambia "wowote tu." Wowote tu! Neno hilo likisemwa na Mtanzania maana yake ana wazo kamili na hatakuambia. Kwa hiyo niliacha kuuliza wanataka nini. Nilimvuta mtu pembeni, mbali na mume wake au bosi wake, nikamuuliza uzito wake, alishuka lini mara ya mwisho, alitoka na geji ikisoma ngapi. Halafu namvisha, namwambia tembea mpaka kwenye ule mnazi urudi. Anayerudi ameinama, namvua. Wadogo wa umbo wasio na papara, wa kumi unawatosha na unabaki. Wengi wao, kumi na mbili. Wa kumi na tano ni wa wale wakubwa wenye pumzi nyingi na miguu ya kuubeba. Kiongozi anachukua mtungi wa kumtosha yeye na mtu mwingine mmoja kutoka pale chini kabisa mtakapofika, na anauchukua kwanza, kabla ya wageni, mbele ya macho yao. Ilinichukua mwezi mzima kuweza kufanya hivyo bila kuinamisha kichwa.

Siku hizi mna saa za mkononi zinazopiga hesabu zote nilizowaeleza na kukulilia ukikosea. Nimezitumia miaka yangu ya mwisho, ni nzuri, sina ugomvi nazo. Ila hiyo saa haijui kwamba aliyekupa mtungi ni mjomba wako.

Yote haya nilimsimulia Devota, zaidi ya saa nzima, na chai ikapoa. Alisikiliza vizuri. Halafu nikanyanyuka nikaingia chumbani, nikatoka nimebeba kitu kwenye kanga ya mke wangu. Nilipostaafu, hoteli ilinipa mtungi mmoja kama zawadi. Ni wa chuma, lita kumi na tano, uko mzima na ulipimwa kabla sijauleta. Tangu niliposikia mjukuu wa dada yangu amechaguliwa nilikuwa nimeupanga uwe wake. Nilikuwa nimeusugua wiki nzima. Nikauweka miguuni pake nikamwambia, mjukuu wangu, huu ndio urithi wangu, nenda nao pwani, kila ukiuvaa unikumbuke.

Naapa, sikuwa namjaribu. Nilikuwa nimetoka kuongea yote yale kwa mdomo wangu, na mikono yangu ikaenda ikafanya ilichozoea.

Devota aliutazama mtungi. Akainuka, akajaribu kuuinua kwa mikono miwili, ukapanda kidogo ukarudi chini. Akanitazama. Mke wangu alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, amesimama.

Mtoto akapiga goti kama anayetaka kushukuru, macho yako chini, akasema kwa sauti ndogo.

"Babu, naomba unisamehe. Huu siwezi kuuvaa. Ni mkubwa mno kwangu. Siuchukui."

Iliniuma. Nawaambia kweli, kwa muda wa kumeza mate mara mbili nilikasirika, nikaona mtoto gani huyu asiye na adabu, zawadi ya babu anairudisha mbele ya bibi yake. Halafu nikaelewa nilichokisikia. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Rudia," nikamwambia. "Inua uso uniangalie, urudie kwa sauti."

Akainua uso, akarudia.